Reetha, sabuni ya kipande au jivu? Kabla hujalipa, tikisa pakiti

Mwezi uliopita nililipa shilingi 900 kwa nusu kilo ya reetha, yale matunda ya kufulia yanayotoka India na Nepal. Mwuzaji ana ukurasa mtandaoni uliojaa picha za vikapu na majani mabichi, na bodaboda akaniletea mzigo hadi mlangoni hapa South B, Nairobi. Nilipoanza kupasua, kila tunda lilikuwa na mbegu ndani: nyeusi, ngumu, nzito kama bano. Nikatoa mizani ninayopimia unga wa keki. Maganda gramu 285. Mbegu gramu 215.

Saponini, ambayo ndiyo inayotoa povu na kung'oa uchafu, iko kwenye ganda. Mbegu haifui hata soksi. Kwa hiyo nilipodhani nanunua kwa shilingi 1,800 kilo, ganda lenyewe lilinigharimu karibu 3,160. Wanaosifia reetha watakwambia haichubui mikono, haina manukato makali, inafaa nguo za mtoto. Haya yote ni kweli. Mbegu hawazitaji.

Nilimwandikia mwuzaji. Jibu: "Mami, ndivyo zinavyotoka shambani." Nazi nayo hutoka shambani na makumbi, lakini Marikiti sijawahi kupimiwa makumbi kwenye mizani.

Basi orodha yangu ya vitu vya kufulia vinavyotokana na mimea, kuanzia kilicho bora, ni hii.

Ya kwanza ni maganda matupu ya reetha, yaliyotolewa mbegu. Tafuta maduka ya viungo ya Wahindi, Ngara au Parklands, na useme wazi unataka maganda peke yake. Kisha tikisa pakiti. Ikilia kama kayamba, irudishe. Maganda matupu yamekunjamana, yananatanata, na hayapigi kelele. Chemsha 15 hivi kwenye lita moja ya maji kwa dakika 20, chuja, mimina kwenye besheni. Usiyatupe tu kwenye maji baridi, hasa kwenye baridi ya Julai ya Nairobi, maana saponini hutoka polepole mno na utadhani umeuziwa takataka. Hayo maji uliyochuja huchacha baada ya siku chache, kwa hiyo yaweke kwenye friji na uandike chupa, asije mtu akadhani ni chai ya rangi. Yasiingie machoni. Yanawasha, nilikiona cha moto.

Leso, sweta za sufu, nguo za hariri: hapo reetha haina mpinzani, na huko Kashmir shali za sufu zimefuliwa nayo tangu zamani. Shati jeupe la shule ni habari nyingine. Kola ya mwanangu ilibaki na mstari wake uleule. Mama fua wangu aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama Wanja, hii maji yako haina povu. Nipe kipande."

Ndiyo maana nambari mbili ni kipande cha sabuni ya Menengai, na nikipata ujasiri siku moja nitakipandisha hadi nambari moja. Mimi ni mtu wa Menengai, sifichi. Nyumbani kwetu hatukuwa na sabuni nyingine. Najua mtasema hiyo si ya mimea. Sabuni ya kipande ni mafuta, na hapa kwetu aghalabu ya mawese, yaliyopikwa na soda kali. Mawese hutoka kwenye mmea, na sabuni hii haijajazwa manukato na rangi ang'avu kama unga wa pakiti. Ikwangue kwenye kikwaruzo cha karoti, iyeyushe kwa maji moto, loweka kola usiku kucha. Ubaya wake ni mmoja: ukifulia maji ya chumvi ya kisima, huganda na kuacha utando kwenye nguo, na utasuuza hadi mgongo ulie.

Tatu, reetha ya unga. Inauzwa zaidi kwa ajili ya nywele, punje zake hujificha kwenye pindo, na ikishasagwa utajuaje kama mbegu haikusagwa nayo? Hapo hata kutikisa hakusaidii.

Jivu ni la bure ukiwa na jiko la kuni, lakini maji yake hula mikono na rangi. Limau na siki husaidia kutoa madoa, hazifui. Mjunju, ambao gome na mizizi yake hutumika kama sabuni sehemu kama Turkana na Baringo, ningeujaribu kesho asubuhi. Sijaukuta ukiuzwa hapa mjini.

Kinachoniudhi zaidi ni hili neno "asilia". Likibandikwa kwenye pakiti, bei inapanda, halafu ukiuliza uzito wa ganda unaambiwa wewe ni mgumu. Andikeni tu: na mbegu, au bila mbegu. Mbegu zangu gramu 215 bado ziko kwenye mkebe. Nilimwambia mwuzaji nitamrudishia kwa bei ileile aliyoniuzia, shilingi 387. Tangu siku hiyo ujumbe wangu una alama mbili za bluu na kimya.