Mbao za kenchi kuukuu zinazouzwa Tabora: zinafaa kwa benchi la seremala?

Zinafaa, na kwa kazi hii mninga wa nyumba iliyobomolewa unaushinda ule mpya. Mninga mpya mjini Tabora mara nyingi huuzwa ungali na maji. Ukiuunga kabla haujakauka, kiangazi kikikolea unajipinda na viungo vinaachia. Wa kwenye kenchi umekaa chini ya bati moto miaka mingi, umeshapinda kadiri ya kupinda kwake. Tena mninga kwa asili yake husinyaa kidogo sana, ndiyo maana mafundi wanaupendea milango.

Kasoro kubwa ya mauzo haya ni kwamba kila mbao inaitwa mninga. Rundo moja huchanganya mninga, mtundu na paina, na vumbi likishazikaa zote zinafanana ukijivu. Nenda na patasi kali, omba kukwangua pembeni. Mninga utaonyesha kahawia yenye michirizi ya wekundu na harufu nzuri ya mbali. Paina ni nyepesi, ya njano iliyofifia. Kwa uso wa benchi iache, itabonyea kwa kila pigo la nyundo. Mtundu ni mgumu, lakini nyuzi zake zimepishana na hunyofoka chini ya randa, hivyo upeleke kwenye miguu.

Ukanda mweupe wa pembeni kwenye mninga ndio unaoliwa na wadudu. Ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini kama poda, pasua ukanda wote uutupe. Kiini hawakigusi kirahisi.

Jambo linaloharibu mabenchi mengi ni oil chafu. Wajenzi huipaka kenchi kuzuia mchwa, na gundi haishiki juu yake. Dondoshea maji mahali ulipokwangua: yakibaki tone bila kunywewa, randa milimita 2 au 3 ujaribu tena. Yakigoma bado, mbao hiyo ni ya rafu za chini, si ya kuungwa. Mataruma ya reli yaliyolowekwa dawa nyeusi usiyalete karakanani kabisa. Vumbi lake ni sumu. Mbao zenye rangi ya zamani nazo zikwanguliwe kwa mkono nje, zisipigwe msasa, kwa sababu rangi hizo huenda zina risasi.

Halafu misumari. Ung'oe yote inayoonekana, kisha pitisha sumaku ya spika mbovu polepole pande zote nne. Msumari uliokatikia ndani hauonekani, lakini doa jeusi linalozunguka kitundu huutaja: chuma kikipata unyevu huacha weusi kwenye mninga. Kisu cha mashine ya kuranda kikipiga msumari mmoja kinapata pengo, na fundi atakudai gharama ya kunoa. Ana haki.

Kwa benchi la urefu wa futi 6 na upana wa inchi 21, nunua mbao 12 za mbili kwa nne, futi 12 kila moja. Hesabu kamili ni futi 107 hivi, yaani mbao 9. Tatu za ziada ni kwa ajili ya ncha zilizopasuka na sehemu zenye vitundu vya misumari. Kubali kulipia futi zilizo nzima tu, zisizo na kasoro. Mbao ikisharandwa hubaki inchi 1¾ kwa 3½. Kumi na mbili za futi 6 zisimamishwe kwa ubavu, zinatoa uso wa unene wa inchi 3½ na uzito wa kilo 50 na kitu. Uzito huo ndio unaolituliza benchi unaposukuma randa.

Usigundishe zote 12 kwa mkupuo, zitateleza. Fanya mafungu matatu ya nne nne, yarudishe kwenye randa, ndipo uyaunganishe. Randa na gundi viwe siku moja. Klampu zipishane juu na chini kila inchi 10. Zikipungua, fremu za mabaki zinazokazwa kwa kabari zinatosha. Vaa barakoa, vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Miguu ni mbili kwa nne mbili zilizogundishwa, na kimo cha benchi kiishie kwenye kifundo cha mkono ulioning'inia, kwa wengi inchi 33 hivi. Ndimi za miguu ya mbele, yaani ncha zilizochongwa kuingia kwenye matundu ya uso, zitiwe gundi. Za nyuma zikae kavu, tundu lake likizidi milimita 3 kwa upande wa upana, maana mvua za Novemba zikianza uso utatanuka kidogo. Jiriwa, kile kibanio cha kushikia mbao, ifungwe mbele kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, kwa bolti zenye washa pana, si skrubu.

Malizia kwa mafuta ya linsidi, yapakwe mara mbili, kidogo kidogo. Matambara yaliyolowa usiyakunje na kuyarundika: hujipasha joto hadi yakawaka. Yaanike nje, moja moja, mpaka yakakamae.