Nilitaka bodi mpya, nikanunua lenzi: miezi minane na Canon EF 50mm f/1.8 STM

Nilikuwa nimeshakata shauri. Kamera yangu ni Canon 700D, toleo la mwaka 2013, na picha nilizokuwa napiga kwenye mazoezi ya kwaya jioni zilijaa chenga kiasi kwamba sikutaka kumwonyesha mtu. Nikaona bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, imezeeka. Nikaanza kuweka akiba ya bodi yenye sensa kubwa (sensa ni sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha), na kila nikipata nafasi nasoma habari za bodi tu: megapikseli, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga), kasi ya kupiga mfululizo. Lenzi sikuifikiria kabisa. Nilikuwa nayo ile 18-55 iliyokuja na kamera (namba hizo ni milimita: 18 inaona pana, 55 inavuta karibu), na nilivyoizoea niliiona kama kiungo cha kamera yenyewe, sawa na mkanda wake.

Aliyenizuia ni rafiki yangu anayepiga na Canon 6D, bodi yenye sensa kubwa. Nilimwomba aniazime bodi yake niijaribu kabla sijanunua ya kwangu. Akasema, "Nitakuazima, dada, ila kwanza nionyeshe picha zilizokukera." Tukakaa kwenye kompyuta, tukafungua picha za jioni moja, naye akawa anasoma namba zake kwa sauti. Lenzi kwenye 55, tundu la mwanga f/5.6, shata 1/125 ya sekunde, ISO 6400. Inayofuata: f/5.6, 1/60, ISO 6400. Inayofuata: f/5.6. Tena f/5.6. Karibu zote.

Pale ndipo nilipoelewa. Lenzi ile ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa pana. Mwanga ukiwa hafifu, kamera inabakiwa na njia mbili tu: ipandishe ISO au ipunguze kasi ya shata. Ikipandisha ISO, chenga zinaingia. Ikipunguza kasi, mkono wa mwalimu wa kwaya unageuka moshi. Kitulizaji cha mtikisiko kilichomo kwenye 18-55 hakikuniokoa, kwa sababu kinatuliza mkono wangu mimi, wala hakimzuii mwalimu kupunga wake.

Basi tukajaribu kwa mikono yetu. Ukumbi ule ule, taa zile zile, mwalimu amesimama kwenye stendi yake ya noti, kasi ya shata tumeiweka 1/125 isibadilike. Kwanza 700D na 18-55 kwenye 50: f/5.6, ISO 6400. Kisha 6D na lenzi yake ya 24-105 f/4, tukaivuta hadi 80 ili picha iwe na upana ule ule, maana sensa ndogo ya 700D inaifanya 50 ionekane kama 80: f/4, ISO 3200. Mwisho 700D ile ile, safari hii na lenzi ndogo aliyoitoa mfukoni mwa koti, 50mm f/1.8 STM: f/2, ISO 800.

Hebu tazama hesabu yake. Kutoka 5.6 kwenda 4, kutoka 4 kwenda 2.8, kutoka 2.8 kwenda 2, kila hatua inaongeza mwanga mara mbili. Hatua tatu ni mara nane. Sensa ya 6D, milimita 36 kwa 24, ina eneo la takriban mara mbili na nusu la sensa yangu, yaani inakupa hatua moja na kitu. Nilikuwa nakusanya fedha nyingi kwa ajili ya hatua moja na kitu, huku kuna lenzi ya gramu 160 inayokupa tatu.

Kwenye skrini tuliikuza sweta ya mwalimu hadi asilimia 100. Picha ya kwanza, nyuzi za sufu zilikuwa zimeyeyuka, bega zima ni bapa moja la rangi lenye vidoti vyekundu na kijani. Ya 6D ilikuwa nzuri, nyuzi zinaonekana, na kivuli chini ya kidevu ni safi. Ya tatu nayo nyuzi zinaonekana, hata ule uzi mmoja uliochomoka kwenye kola. Ungenificha namba ukaniuliza ipi kati ya hizo mbili ni ya kamera yangu, ningebahatisha. Nilikaa pale nikiitazama kola ile kwa muda mrefu. Kamera yangu ilikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa karibu kuiweka kabatini.

Nikanunua lenzi hiyo. Sasa ina miezi minane kwangu, na ninaipenda kwa dhati, ila yako mambo ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla hajainunua.

Ukiifungua hadi f/1.8, kona za picha zinalegea, na kingo zenye mwanga mkali, kama miwani ya chuma iliyopigwa na taa, zinazungukwa na utando wa zambarau. Kwenye f/2.2 au f/2.8 mambo haya yanapungua sana, kwa hiyo huko ndiko ninakokaa muda mwingi. Ringi ya fokasi, ile ya kuweka picha iwe kali, inafanya kazi kupitia mota, hivyo kamera ikiwa imezimwa unaizungusha bure. Shingo ya mbele inachomoza kidogo lenzi inapotafuta fokasi, na ukizima kamera kabla haijarudi inabaki nje, jambo linalonitia wasiwasi kila ninapoiingiza kwenye begi. Haina kitulizaji. Upande wa uimara sina lawama: sehemu inayoshika kwenye bodi ni chuma, wakati ile iliyoitangulia, ya mwaka 1990, ilikuwa plastiki.

Kinachonisumbua zaidi ni wembamba wa eneo inaloliona. Kwenye 700D ni lenzi ya uso na mabega. Ukumbi wetu wa mazoezi ni mdogo, na nikiegemea kabisa ukuta wa nyuma, waimbaji wanne wa sauti ya pili bado hawaingii wote. Mmoja anabaki na nusu bega.

Na sitasema bodi haina kazi. Kuna jambo ambalo lenzi imenionyesha wazi kwamba bodi yangu hailiwezi, nalo ni fokasi. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu kwenye f/1.8, kina kinachoonekana kikali hakizidi sentimita 3. 700D ina nukta 9 tu za fokasi, zote zimejikusanya katikati ya fremu. Mpwa wangu akiwa anaandika mezani, hatulii. Nimepata picha kadhaa ambazo nywele za juu ya sikio zimekaa sawasawa na jicho limefifia. Bodi za siku hizi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), kama Canon EOS R8 ya mwaka 2023, zinalitambua jicho na kulifuata zenyewe. Kama picha zako zina mwanga wa kutosha, shata iko juu, ISO iko chini, na bado jicho halikai, hapo lenzi nyingine haitakusaidia. Badilisha bodi. Lakini kama unataka bodi kwa ajili ya megapikseli, 18 za 700D zinachapa picha ya sentimita 44 kwa 29 bila kulazimisha chochote, na sijawahi kuombwa kubwa kuliko hiyo.

Kitu kingine kilichonituliza moyo ni kwamba lenzi hii itahama nami. Kishikizo cha EF, yaani sehemu ya kufungia lenzi kwenye bodi, kimekuwepo tangu 1987, na kwa adapta ya Canon lenzi hizo zinafanya kazi kwenye bodi za R, kama ile R8, fokasi na yote. 18-55 nayo itaingia kwenye adapta hiyo, lakini ni EF-S, imetengenezwa kwa sensa ndogo, kwa hiyo R8 itaikata picha hadi chini ya megapikseli 10. Tangu nijue hilo, kabla ya kuitamani lenzi nasoma kwanza herufi zake.

Akiba ya bodi ipo, ila imebadilishiwa kazi. Wiki hii nimeazimwa EF 35mm f/2 IS, ambayo ina kitulizaji na ni pana zaidi. Jana nimesimama pembeni ya kinanda, mbali kabisa na ukuta, f/2.2, shata 1/160, ISO 1250. Sauti ya pili wameingia wote wanne, na yule wa mwisho, ambaye siku zote alikuwa anabaki nje, ameangalia moja kwa moja kwenye lenzi.