Usukani wa sporti wa boksi moja: usifungue nati kabla hujaona hii

Wadau, karibuni tena. Boksi liko mezani na leo sizunguki. Ndani kuna usukani wa milimita 350, habu yake (kile kipande kinachounganisha usukani na shafti), kitako cha kuchomolea usukani haraka, kitufe cha honi, bolti sita, na hiki kipakti cha nailoni ambacho ndicho kimenichefua. Ngozi, mshono mwekundu, rangi, hayo mnayaona wenyewe.

Kwanza mashimo, fasta. Kwenye usukani wa kampuni za Momo, Sparco na OMP, duara la mashimo ya bolti lina kipenyo cha milimita 70. Nardi na Personal ni 74. Huu ni wa 70. Sasa kwa kuwa tofauti ni milimita nne tu, kuna mafundi wanachukua drili wanapanua. Ukishapanua, bolti haikai tena kwenye shimo lake, inategemea kichwa tu kubana. Siku umekata kona kwa nguvu, usukani unahama na habu inabaki. Nunua habu ya duara lako, au ile yenye mashimo ya aina zote mbili, zipo.

Haya, kipakti. Naomba kamera isogee. Hiki ni rezista, ina waya mbili. Naweka multimita hapa, tazama kioo: omu 2.2. Kwa nini wametuwekea hii? Kwa sababu eabegi ya dereva, yaani mfuko wa hewa wa ajali, ukiiangalia kwa macho ya kompyuta ya gari, ni ukinzani wa omu mbili hivi. Kila ukiwasha gari kompyuta inapima ile saketi. Ukiondoa usukani wa kiwandani umeondoa na eabegi, saketi iko wazi, taa ya SRS, ile ya onyo la eabegi, inawaka na haizimi. Ukichomeka rezista kwenye ile soketi ya njano, kompyuta inaona omu mbili, inaridhika, taa inazima. Dashibodi inakwambia eabegi ipo. Mbele ya kifua chako kuna kitufe cha honi.

Halafu gari linauzwa. Anayelinunua anawasha swichi, anaona taa ya SRS imewaka kidogo ikazima, anajua mambo safi. Hapo ndipo ninapokasirika. Na tafadhali, nilichofanya hapa nimekifanya kwa rezista. Usije ukaweka multimita kwenye eabegi yenyewe kuona kama ni nzima. Umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuilipua.

Lakini ngoja, nisiwe mkali upande mmoja. Taa ya SRS ikiwaka muda wote, kompyuta inaweza kuufungia mfumo mzima, na mfumo huo ndio unaosimamia eabegi ya abiria na vile vikaza mikanda vinavyokuvuta kwenye kiti wakati wa ajali. Kwa hiyo rezista ya omu sahihi, iliyochomekwa vizuri bila kukata waya, inaweza kumsaidia anayekaa kushoto. Sawa, nakubali. Basi bandika karatasi kwenye dashibodi: dereva hana eabegi. Na bima uwaambie kwa maandishi. Msimamo wangu haujahama sana: gari la barabarani lililokuja na eabegi, usukani huu hauna kazi humo. Gari la mashindano lenye mkanda wa pointi nne au sita, au Land Cruiser ya zamani isiyo na eabegi, hapo tuongee.

Kuna chaneli moja, siitaji, imefunga usukani kama huu kwa dakika tatu na muziki juu. Betri haikuguswa. Sisi tufanye hivi. Toa waya hasi wa betri, subiri sekunde 90 kamili, Toyota wenyewe ndivyo wanavyoelekeza. Sababu ni kwamba kompyuta ya eabegi inahifadhi chaji ili ilipue hata betri ikikatika kwenye ajali. Matairi yawe yamenyooka. Kwenye Toyota nyingi kuna skrubu mbili za Torx T30, moja kila upande wa usukani. Legeza, toa eabegi, chomoa soketi ya njano. Eabegi iweke mezani uso ukiangalia juu. Ukiilaza kifudifudi ikalipuka, lile bamba la chuma ndilo linaruka.

Piga alama ya rangi kwenye shafti na usukani. Nati ilegeze, mara nyingi spana ya 19, lakini usiitoe yote, iache kwenye nyuzi chache. Usukani ukiachia ghafla nati inaudaka, vinginevyo unaupokea kwa meno. Ukigoma, tumia pula, kifaa cha kuuvuta usukani utoke. Nyundo kwenye shafti hapana! Shafti hii imeundwa ijikunje gari likigonga, na ndani kuna pini za plastiki zilizowekwa zivunjike wakati huo. Ukigonga unazivunja leo, na hutaona kitu kwa nje.

Nyuma ya usukani kuna kloksipringi, ule utepe wa waya uliojiviringisha. Ukizunguka ovyo ukiwa haujashikwa, utakatika siku utakapourudisha usukani wa kiwandani. Upige selotepu ukiwa katikati. Magari yenye VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, mara nyingi yana sensa ya pembe ya usukani hapo hapo, usiitoe.

Habu sasa. Naitelezesha kwenye shafti... meno yanaingia, sawa. Lakini angalia hapa nyuma, pini ya kurudisha indiketa haipo. Maana yake kila kona utazima taa kwa mkono. Ukisahau, wa nyuma anaamini unakata kulia. Habu nzuri inakuja na pini hiyo na waya wa honi, na imetengenezwa kwa modeli yako. Hii imeandikwa "magari yote". Ya magari yote maana yake meno hayajakaa vizuri kwenye lolote, na meno yaliyolegea yanaliwa taratibu. Nati kwenye Toyota nyingi ni Nm 50, lakini soma kitabu cha gari lako, na tumia spana ya torki. Zile bolti sita za M5 kaza kwa kuvukavuka, ya huku kisha ya ng'ambo. Alumini ni laini, ukitia bomba kwenye alenki uzi unakwenda.

Kitako cha kuchomolea: nashika ukingo, natikisa. Mnasikia? Tak, tak. Pleyi, yaani ulegevu. Nusu milimita kwenye gololi zilizo sentimita 3 kutoka katikati, huku kwenye ukingo ni karibu milimita 3. Na kitako hiki peke yake kimeongeza sentimita 6, jumlisha na habu, usukani umekuja kifuani. Kwa gari la barabarani kiache. Na udogo wa duara la usukani pia una gharama: kutoka 380 hadi 350 mkono unaongeza nguvu kama asilimia 8 au 9. Kwenye gari lisilo na pawa ya usukani utaijua wakati wa kupaki. Kaa kwenye kiti uone pia kama ukingo haukufichi spidomita.

Ukimaliza inua matairi ya mbele, zungusha mpaka mwisho kulia na kushoto, hakuna kukwaruza. Honi ilie. Kilomita 100, rudi ukague nati na bolti zote sita.

Bei. Momo halisi Ulaya mara nyingi inapita euro 200, usukani peke yake, kwa hiyo boksi zima kwa bei ya chakula cha wikiendi, lenye nembo yao, jibu unalo. Kama mfuko ni mmoja, tia hela nyingi kwenye habu, si kwenye ngozi.

Wiki ijayo ni breki padi, mlizoomba. Mnaotaka kujua habu ya gari lenu, andikeni modeli, mwaka na herufi za chasisi hapo chini. "Toyota ndogo nyeupe" siwezi kusaidia.