Siku Tano kwa Baiskeli Kati ya Cluny na Givry

Wanakwaya wetu wa Dodoma wanaojaliwa kufika Taizé, kile kijiji cha Ufaransa chenye jumuiya ya kitawa iliyoanzishwa mwaka 1940, hurudi na nyimbo na picha za kanisa, lakini ni nadra kumsikia yeyote akiitaja njia ya baiskeli inayopita bondeni, mwendo mfupi tu chini ya kijiji hicho. Mimi, mke wangu na kaka yake, ambaye ni mkulima wa zabibu wa Makutupora, tulikaa huko wiki moja mwezi wa Mei, kisha tukaongeza siku tano za kuzunguka kwa baiskeli kati ya Cluny na Givry, katika eneo la Bourgogne. Ninaitathmini hapa njia hiyo pamoja na huduma tulizozilipia, kwa ajili ya wenzetu watakaopata nafasi kama yetu.

Njia hii zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita, mataruma yaling'olewa, tuta likawekwa lami, na mwaka 1997 kipande cha kilomita 44 kati ya Givry na Cluny kikafunguliwa kuwa njia ya kwanza ya aina yake nchini Ufaransa, kwa ajili ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa viti vya magurudumu. Magari na pikipiki hayaruhusiwi kabisa. Kwa kuwa gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali, wajenzi wa reli walilazimika kuusambaza mwinuko kidogo kidogo, kiasi kwamba unaugundua kwa pumzi zako na wala si kwa kuona kilima mbele yako. Mke wangu hakuwa amepanda baiskeli tangu alipomaliza sekondari, na nilikuwa nimejiandaa kumsubiri kila baada ya muda. Kumbe alitoka Cluny hadi Saint-Gengoux-le-National bila kushuka kusukuma hata mara moja. Aliyewahi kuendesha baiskeli katika barabara ya Arusha kuelekea Veyula, huku akisikiliza lori likimjia kwa nyuma na kujiandaa kuiacha lami aingie kwenye changarawe, ataelewa ni raha ya namna gani kwenda saa nzima bila kugeuza shingo. Nilipokuwa nikikanyaga pale nililiwazia tuta la reli ya Msagali hadi Kongwa, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ambayo nayo iling'olewa, ila hakuna aliyefikiria kuwaachia watu njia.

Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro kuu ya safari, na sikuona mtu aliyetuonya. Reli ilikwepa vilima, ilhali vijiji vya kale vilijengwa juu ya vilima, kwa sababu za ulinzi na kwa sababu ardhi ya bondeni ilikuwa ya mazao na malisho. Ukibaki kwenye lami ya reli tangu asubuhi hadi jioni utaona nyasi, ng'ombe weupe wa Charolais, vituo vya zamani vya treni na migongo ya wapanda baiskeli wenzako, kisha utafika Givry ukijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Njia hii inapaswa kutumiwa kama shina ambalo mtu huacha kila siku kwa saa mbili au tatu kufuata tawi. Sisi tuligundua hilo siku ya pili, na siku tatu zilizobaki zikawa bora zaidi.

Siku ya kwanza tulielekea kusini. Baiskeli tulizikodi Cluny, zikiwa na gia za kutosha, keria imara na breki zinazoshika, na mfanyakazi alipima urefu wa kila mmoja wetu na kurekebisha tandiko kabla hatujalipa. Baada ya kupanda taratibu tuliingia katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa takriban mita 1,600. Nje palikuwa na jua la kupendeza. Ndani, baada ya mita mia moja tu, baridi ilitupenya hadi mifupani, maji yakidondoka kutoka kwenye dari na kulia tap, tap juu ya kofia zetu, na mwanga wa lango la mbele ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Mke wangu alianza kuimba kiitikio cha Taizé na sauti ikarudi kutoka pande zote mbili, hata wazee wawili waliokuwa wakija upande wa pili wakasimama kusikiliza. Msafiri avae sweta kabla ya kuingia, na aweke taa kwenye baiskeli. Handaki hufungwa majira ya baridi ili popo wanaolala humo wasisumbuliwe, na wakati huo hulazimika mtu kupita juu ya mlima. Ukitokea upande wa pili unaiona ngome ya Berzé-le-Châtel imesimama juu ya mashamba ya mizabibu, nasi tuliishia hapo na kugeuza.

Mji wa Cluny wenyewe sitauelezea sana, kwani unastahili siku yake. Abasia, yaani monasteri yake, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187 na kuwa kubwa kuliko yote katika ulimwengu wa Kikristo hadi lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa na kubomolewa kwa ajili ya mawe yake, na kilichosalia ni chini ya sehemu moja kwa kumi. Unasimama chini ya mnara uliobaki, kisha unatazama barabara za mji zilivyopita mahali palipokuwa na nguzo.

Ziwa la Saint-Point, upande wa kusini-magharibi wa Cluny, tulilifuata kwa barabara ya kawaida yenye magari machache na vilima vya kweli. Ni bwawa lililotengenezwa na watu kama Hombolo letu, ingawa ni dogo sana kwa Hombolo, lenye kingo za kijani na watu wachache wenye ndoana. Kwa miguu iliyozoea tambarare ya reli, kilima cha kurudi ni adhabu. Ningemshauri mwenye muda mfupi aliache ziwa hili na kuihifadhi nguvu hiyo kwa vijiji vya kaskazini.

Kilichotusimamisha muda mrefu kuliko yote ni mizabibu ya Buxy, kati ya Saint-Gengoux-le-National na Givry. Shemeji aliteremka, akailaza baiskeli nyasini, akachuchumaa mbele ya shina moja na kulishika kwa vidole kama mganga anayetafuta mahali panapouma. Mashina yalikuwa manene na yenye mikunjo ya uzee, lakini mafupi ajabu. Waya wa kwanza haukufika gotini, na mistari ilikuwa imebanana kiasi kwamba trekta lake la kazi ni lile refu linalopita juu ya mstari mzima. "Shemeji," akaniambia, "hapa mtu akitaka kuvuna sharti apige magoti." Kwa Kifaransa changu cha shule nilimweleza mkulima tuliyemkuta akifunga machipukizi kwenye waya kwamba Dodoma tunapogolea mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aliniomba nirudie, akidhani nimekosea tarakimu. Yeye huvuna mara moja, mwezi wa Septemba hivi, na hofu yake kubwa ni jalidi ya masika inayounguza machipukizi kwa usiku mmoja, kama hofu yetu ilivyo kwa ukame na ubwiri unga. Kwenye ghala la ushirika tulionjeshwa mvinyo mweupe wa Montagny, na kesho yake mwekundu wa Givry. Shemeji, ambaye anajua vizuri uchungu wa kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa bei ya mnunuzi, aliulizia zaidi namna ushirika unavyowalipa wanachama kuliko alivyoulizia ladha.

Sasa malalamiko. Tulikuwa tumemlipa msafirishaji mmoja achukue mabegi yetu kutoka Cluny asubuhi na kuyafikisha kwenye nyumba ya wageni ya Saint-Gengoux-le-National kabla ya jioni. Tulifika saa kumi na moja, tumelowa mvua, na mabegi hayakuwepo. Katika wilaya zile kuna Saint-Gengoux mbili, na mabegi yetu yalikuwa yamepelekwa Saint-Gengoux-de-Scissé, upande wa kusini, ingawa jina kamili la kijiji na la nyumba lilikuwa limeandikwa kwenye kila begi. Simu yetu ya kwanza haikupokelewa, ya pili tukaambiwa tusubiri kesho, na mama mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyetupa nguo kavu za wanawe na kutukaushia viatu karibu na jiko lake la kuni. Mabegi yalikuja saa nne asubuhi, bila neno la pole na bila kurudishiwa hata senti. Kosa la jina mtu analisamehe. Kumwacha mgeni mwenye nguo zilizolowa bila kumpa jibu, hilo nimeshindwa. Ushauri wangu ni kubeba mzigo mdogo kwenye mifuko ya keria na kuachana na huduma hiyo kabisa, kwani njia ni laini na uzito hauhisiki.

Wakati wa kurudi tuliiacha reli karibu na Cormatin tukafuata tawi la mashariki. Kanisa la Chapaize, la karne ya 11, lina nguzo nene za mviringo ambazo zimeinama waziwazi, na mtu akisimama katikati anahisi kwamba ni yeye aliyepinda. Kutoka hapo barabara inapanda hadi Brancion, kijiji kilicho juu ya mgongo wa mlima, chenye ngome, soko la kale lililoezekwa juu ya nguzo za mbao, na kanisa dogo mwishoni kabisa, mahali ambapo ardhi inaishia na bonde linaanza. Magari huachwa nje ya kijiji. Tulisukuma baiskeli kilima chote cha mwisho, mke wangu akihema na kucheka, na tulipofika kanisani tulikuta upepo ukivuma kama wa kwetu mwezi wa Agosti, ila hauna vumbi.

Msafiri wa kutoka huku atahitaji kuyajua machache. Mikahawa ya vijijini hutoa chakula cha mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukichelewa utakula mkate wako wa begi, na Jumapili mchana maduka mengi hufungwa, hivyo nunua mapema. Maji tuliyapata kwenye mabomba ya makaburini, jambo lililomtia shemeji wasiwasi mpaka alipowaona wapanda baiskeli wengine wakijaza chupa zao humo bila kusita; angalia tu kama kuna kibao kinachosema maji si ya kunywa. Kutoka Paris, treni ya kasi hushukia Mâcon-Loché, na kutoka hapo kuna basi linalopita Cluny na Taizé. Mei ni mwezi mzuri, lakini koti la mvua lisikosekane. Mwenye siku tatu pekee alale Cluny usiku wa kwanza, apite handaki asubuhi, na siku mbili zilizobaki azipeleke Cormatin, Chapaize na Brancion. Givry inaweza kusubiri.