MoCA kwenye meza ya kliniki: inafaa, ila chunga saa na shule

MoCA (Montreal Cognitive Assessment) ni karatasi ya ukurasa mmoja inayopima kumbukumbu, umakini, lugha na uwezo wa kupanga mambo. Iliundwa Montreal, Kanada, na daktari wa mfumo wa fahamu Ziad Nasreddine, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Huchukua kama dakika 10. Jumla ni alama 30, na kuanzia 26 huhesabiwa kawaida. Katika utafiti huo iliwanasa asilimia 90 ya watu ambao akili yao ilikuwa imeanza kufifia kidogo, ilhali MMSE, kipimo kingine cha akili cha mwaka 1975, kiliwanasa asilimia 18 tu.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye kumbukumbu. Mgonjwa husomewa maneno matano mara mbili (hatuyaandiki hapa, tusije tukakiharibu kipimo), kisha baada ya kama dakika tano huulizwa bila kudokezewa. Alama huhesabiwa kwa maneno aliyoyakumbuka mwenyewe tu, na wapimaji wengi huishia hapo. Wanapoteza sehemu bora. Mdokezee aina ya neno. Akikwama, mpe machaguo matatu. Anayekumbuka kwa kudokezwa, neno limo kichwani ila kulitoa ndiko kunakomshinda, na huyo daftari na vikumbusho vya simu vitamfaa sana. Anayeshindwa hata kwa machaguo, huenda neno halikuhifadhiwa kabisa.

Kwenye kutoa 7 kuanzia 100, kila hatua hupimwa peke yake. Aliyesema 92, 85, 78, 71, 64 amekosea mara moja tu, na anastahili alama zote tatu.

Sasa saa, mahali ambapo Kiswahili kinahitaji uangalifu kuliko popote. Mgonjwa huambiwa achore saa ya mishale inayoonyesha 11:10. Ukitafsiri kichwani ukatamka "saa kumi na moja na dakika kumi", bibi atauweka mshale mfupi kwenye 5, na atakuwa sahihi kabisa. Aliyekosea ni wewe. Tamka "saa tano na dakika kumi". Hapo mshale mfupi uende 11 na mrefu uende 2. Anayeuelekeza mrefu kwenye 10 kwa kuwa amesikia "kumi" amevutwa na neno, na hilo ndilo kosa linalotafutwa. Akiuweka mfupi kwenye 5, muulize kwanza huwa anasomaje saa ya ukutani. Na kijana aliyezoea saa ya simu tu, liandike hilo pembeni.

Kutaja maneno yanayoanza na herufi F kwa dakika moja nako kuna utata. Inatakiwa 11 au zaidi, lakini Mswahili hutaja kitenzi kwa ku-: kufika, kufunga, kufagia. Mweleze kama vitenzi hivyo vinahesabiwa, kabla hujaanza kuhesabu muda.

Udhaifu mzito ni shule. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja, na kwa mkulima asiyewahi kushika kalamu hiyo si kitu. Atashindwa kuchora mchemraba na kuunganisha namba na herufi hata kama ubongo wake ni mzima. Kwa mtu huyo chagua MoCA-Basic, toleo la wenye elimu ndogo, au IDEA, kipimo cha alama 15 kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro: hakina kuandika, na umbo huundwa kwa njiti za kiberiti.

Kwa majeruhi wa bodaboda aliyegonga kichwa, usipime angali amechanganyikiwa hajui siku wala mahali alipo. Utakuwa unapima mchafuko huo. Maumivu makali, usingizi mbovu, dawa za usingizi na sonona navyo hushusha alama. Tena kuna wanaopata 28 ilhali nyumbani hasira hazizuiliki na pesa zinatapanywa, kwa sababu karatasi haipimi tabia. Keti na mke, mama au kaka yake, uulize nini kimebadilika tangu ajali.

Mafunzo na cheti cha kuitumia hulipiwa, gharama inayoumiza zahanati ndogo. Zipo fomu sawia tatu, 8.1, 8.2 na 8.3. Ukimpima tena baada ya miezi kadhaa tumia nyingine, maana maneno matano yaleyale huenda bado anayakumbuka.