Usiku wa Mwanjelwa: nyama nzuri, kaunta mbovu

Wenyeji wangu wa Mbeya wataona nimewachafulia jiji lao, lakini hasira bado ninayo na sioni sababu ya kuificha. Katika baa moja kubwa ya Mwanjelwa, mwishoni mwa wiki moja ya kipupwe, nilizuiliwa getini kama mwizi kwa ajili ya bili niliyokuwa nimekwisha kuilipa, na mtu aliyeamuru nizuiliwe hakuona hata haja ya kuzungumza na mimi.

Nilikuwa nimetoka Iringa kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Sisi wa Iringa tunajiona tunaijua baridi, ila Mbeya iko juu zaidi, kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoshuka usiku kutoka mlima Loleza unamfanya mgeni ajiulize kama watu wa hapa hutoka kweli. Wanatoka, tena kwa wingi. Kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kuanzia Kabwe hadi Mafiati na Soweto, bajaji hazikauki, majiko ya chipsi yanafuka moshi, na malori yanayoelekea Zambia na Kongo yanapita katikati ya muziki wa baa hii na ile bila mtu yeyote kugeuza shingo. Watu wanacheza wakiwa na makoti yao mwilini. Niliagiza bia ya moto, yaani ile ambayo haikupitia kwenye friji, na hiyo nayo ilikuwa inauma meno.

Haki yao niwape: chakula kilikuwa kizuri kuliko nilichokula katika baa yoyote ya kwetu. Kitimoto kililetwa kikiwa bado kinachuruzika mafuta, kimekatwa vipande vya kutosha mdomo, pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili mbuzi iliyopondwa na ndimu, halafu mhudumu, binti mdogo mwenye kofia ya sufu, akaja na jiko la mkaa na kulisogeza chini ya meza upande wangu bila kuombwa, akisema, "Dada, wewe ni mgeni, miguu itakufa ganzi." Bendi ilipiga zilipendwa, na wazee wawili waliovaa suti wakaliteka jukwaa hadi kijana wa muziki alipowaingilia na singeli. Kama ningeondoka wakati huo, ningeandika sifa tupu.

Bili ilikuja shilingi 64,000. Nililipa kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani, jina la biashara likatokea kwenye simu yangu, nikahakiki, nikaweka namba ya siri, na ujumbe wa muamala ukaingia ukiwa na kiasi, saa na namba ya kumbukumbu. Binti alikwenda kaunta na kurudi amenywea. Keshia anasema meseji haijaingia. Tukasubiri. Nikaenda mwenyewe hadi kwenye nondo za kaunta, nikamwonyesha keshia simu yangu, naye bila kuitazama akamgeukia shemeji yangu, ambaye usiku mzima alikuwa na Stoney yake moja na hakuwa amelipa hata senti, akamwambia, "Kaka, mwambie shemeji asubiri pembeni, tutaongea sisi wanaume."

Nilimjibu kwamba fedha ni zangu, simu ni yangu na bili ni yangu, kwa hiyo mazungumzo nayo ni yangu. Akaendelea kuzungumza na shemeji. Ilibainika kwamba simu inayopokea ujumbe wa lipa namba ile haikai kaunta kabisa, bali anayo bosi nyumbani kwake, na bosi alikuwa amelala. Huduma za kutuma fedha kwa simu zimo nchini mwetu tangu mwaka 2008, mama anayeuza mboga sokoni anapokea malipo na kuyahakiki kabla hujafunga mfuko wako, lakini baa yenye bendi, jukwaa na mabaunsa inasubiri mtu mmoja aamke ndipo ijue kama imelipwa. Tulipoelekea getini, baunsa akasimama mbele yetu. Hakuwa mkorofi, nadhani alikuwa anaona aibu, lakini hakupisha.

Pengine nimekuwa mkali mno kwa keshia. Mdogo wangu alinieleza, huku tukitetemeka pale getini, kwamba wapo wateja wanaoonyesha ujumbe wa kughushi, na kwamba fedha ikipotea hakatwi bosi. Anakatwa mhudumu. Nilipogeuka kumtazama yule binti aliyeniletea jiko la mkaa, alikuwa amesimama karibu na kaunta akihesabu chupa zetu upya, kidole juu ya kila chupa, ilhali hakuna aliyekuwa amebishana naye kuhusu idadi. Basi nikatoa shilingi 64,000 nyingine taslimu, nikaziweka mikononi mwake na si mikononi mwa keshia, nikataka karatasi iliyosainiwa. Keshia aliisaini, akampa shemeji.

Na hapo ndipo huruma niliyokuwa nayo kwa mtu yule ilipokwisha. Woga wa kukatwa mshahara unaweza kueleza kwa nini alikataa kuniachia. Hauelezi kwa nini mtu unayemdai fedha umfanye mzigo wa mwanamume aliyekaa naye, na baa inayotaka wanawake waje kutumia fedha zao pale inapaswa kumwambia mtu wake wa kaunta kwamba wanawake hao wana masikio.

Asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, bosi alipiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia shemeji, ingawa karatasi ilikuwa na namba yangu. Alikiri kwamba malipo ya usiku yalikuwa yameingia kwa wakati, akasema meseji zilikuwa nyingi, akatukaribisha tena na kuahidi kurudisha fedha. Neno samahani halikusikika. Baadaye shilingi 64,000 zilitumwa kwenye simu ya shemeji, kavu, bila ya kutolea. Yaani nimelipa mara mbili, nimesimama kwenye baridi, kisha makato ya kuzitoa fedha zangu mwenyewe ni juu yangu.

Nilikuwa nimeapa kwamba mguu wangu haukanyagi tena pale. Mdogo wangu anasema bendi ileile itapiga mwisho wa mwezi, na kitimoto kile, nikisema kweli, sijakipata Iringa. Huenda nikaenda. Nikienda nitabeba taslimu, nitaagiza kwa yule binti tu kama bado yupo kazini, na kwenye zile nondo za kaunta nitamtuma shemeji, kwa kuwa ndiye wanayemwona.