Ukumbusho wa polisi waliokufa kazini, Washington: nyota 5

Jamani mkifika Washington pitieni hapa. Unashuka stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Judiciary Square, ukipanda juu umeshafika, kuingia bure na pako wazi usiku na mchana. Kuta mbili za marumaru zimechongwa majina zaidi ya 20,000, kuna polisi wa serikali kuu na wa vimji na kaunti ambazo hata hujawahi kuzisikia, wote wamechanganywa pamoja hakuna mkubwa wala mdogo, hilo ndo nimelipenda kuliko yote. Nilimkuta mama mmoja kaweka karatasi juu ya jina anasugua penseli taratibu mpaka herufi zikatokea, machozi yalinitoka. Majina hayajapangwa kwa alfabeti kwahiyo anza na daftari la kutafutia. Mwezi wa tano wanasoma majina mapya, watu wanajaa mno, wahini mapema.